Mwaminifu Hadi Saa Nane

Kwa miaka minne nilifanya kazi chini ya mwanamke niliyemshuku kila siku. Yeye pia alinishuku, na kati yetu wawili ni yeye aliyekuwa na sababu. Nilikuwa muuguzi katika ofisi ya utafiti wa dawa mjini Thika, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba angenikamata na kosa, anifute kazi, na jina langu liharibike kwa kila kliniki kuanzia Thika hadi Ruiru. Nitamwita Madam, kwani hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Kwao ni wapi na wazazi wake ni nani sijui. Mara mbili alianza kunisimulia, na mara zote mbili nilidhani ananitega, nikajifanya nina kazi.

Kazi yetu ilikuwa kujaribu dawa mpya ya presha. Watu waliokubali kushiriki walipewa vidonge, nasi tukawafuatilia mwezi baada ya mwezi: presha, uzito, vidonge vilivyobaki, na maswali ya kurasa sita. Wazee ambao hawangeweza kufika Thika niliwafuata nyumbani kwao, Ruiru na Kimbo, nikiwa na mzani begani na fomu kwenye mfuko. Fomu zote zilirudi kwa Madam. Alizisoma moja baada ya nyingine, kidole kikifuata mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa, mtu wa kusimamia utafiti wa dawa unatarajia awe amesomea dawa. Madam alisomea vitabu vya watu waliokufa zamani sana. Shahada yake ya juu kabisa ilihusu fasihi ya Ulaya ya zama za kati, hadithi za watakatifu na wapiganaji na wanyama wasiokuwepo, zilizonakiliwa kwa mkono juu ya ngozi za kondoo kabla mashine ya kuchapa haijajulikana huko. Alikuwa akifundisha mambo hayo chuo kikuu, upande wa Kahawa Sukari, mpaka somo likakosa wanafunzi. Rafiki yake mmoja akamwita Thika kwa wiki mbili, amsaidie kusoma zile karatasi ambazo mgonjwa hutia sahihi kukubali utafiti. Inasemekana siku ya kwanza alipata makosa mengi hivi kwamba hawakumruhusu kuondoka. Wiki mbili zikawa miaka, na hatimaye akawa ndiye msimamizi wa kila kitu.

Lakini vitabu vyake hakuviacha. Saa saba kamili alifunga mlango wa ofisi, akafungua picha za kurasa zile za kale kwenye kompyuta, na akaandika makala ambayo hakuna mtu wa Thika angeyasoma. Kupitia kioo cha mlango ungemwona ameinama, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Kamau, dereva wetu, ndiye aliyenitia wasiwasi wa kwanza.

"Sista, umeona hizo picha ziko kwa computer ya Madam?" akaniuliza siku moja tukisubiri gari lioshwe. "Kuna nyoka iko na mabawa. Kuna mtu hana kichwa, uso iko kwa kifua. Mimi nakwambia hiyo si masomo. Hiyo ni ile kitu."

"Kitu gani?"

"Aii, si unajua. Ile ya watu wa damu, wale wa shetani. Na sisi hapa tunatoa watu damu kila siku. Wewe jiulize tu."

Nilijiuliza, nakiri kwa aibu. Nilijiuliza hadi nikamfuata kanisani. Jumapili moja huko Ruiru nilimwona ameketi benchi la tatu, nikahamia nyuma yake nione kama atafumba macho wakati wa maombi. Alifumba. Lakini watu walipoanza kuimba alitoa kalamu, akasahihisha neno kwenye kitabu cha nyimbo, akaandika tarehe pembeni na kutia sahihi. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui kama nimetulia au nimezidi kuogopa.

Wagonjwa walimwita Daktari, kwa kuwa ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema. Mzee mmoja alimshika mkono ngazini, akamwonyesha goti lililokuwa likimsumbua. Madam aliliangalia kwa makini, kisha akamwambia, "Baba, mimi ni daktari wa vitabu. Goti lako likianza kukosea tahajia, niletee." Mzee alicheka, nasi tukacheka, na jioni hiyo hiyo Madam akaniuliza kwa nini goti la mzee huyo halikuwa limeandikwa popote katika fomu zangu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ungecheka naye, halafu ukatamani hukucheka.

Kitu alichochukia kuliko vyote ni ile rangi nyeupe ya kufutia maandishi. Aliipata chupa yake kwenye droo yangu, akaitupa kwenye pipa, akatoka. Baada ya dakika tano akarudi, akaiokota kutoka pipani na kuondoka nayo nyumbani, maana hakuliamini pipa. Sheria yake ilikuwa moja: ukikosea, kata kosa kwa mstari mmoja, lisomeke chini ya mstari, andika tarehe, tia sahihi. Sheria hiyo iko katika kila utafiti wa dawa, lakini wengine huifuata kwa sababu wameambiwa. Madam aliifuata kama mtu aliyewahi kuumizwa. Alisema wale wanakili wa kale walikuwa wa aina mbili, waliokata kosa na waliolikwangua kwa kisu, na wale wa kisu ndio waliompotezea miaka sita ya ujana wake.

Kitu cha pili alichochukia ni neno "niko sawa." Kwetu mtu akiulizwa hali, hata kama amelazwa, atakwambia yuko sawa, yuko poa, hakuna mbaya. Nami nilikuwa naandika hivyo hivyo kwenye fomu: mgonjwa anasema yuko sawa. Madam alinirudishia fomu kumi na moja kwa siku moja.

"Sista, niko sawa si jibu," akasema. "Ni salamu. Umemsalimia, amekusalimia, halafu ukaandika. Sasa rudi umuulize."

"Nimuulize nini, Madam, na ameshasema?"

"Muulize mguu wake. Mguu haujui adabu."

Nilimwona ni mtu asiyeamini hata pumzi yake. Na bado, huyo huyo aliacha mkoba wazi mezani siku nzima, mbele ya wafagiaji na wageni. Alipoteza funguo za gari kila wiki. Siku za kutoa damu, wazee walipokuja bila kula chochote, alifika na hotpoti kubwa iliyojaa mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi yaliyopondwa, aliopika mwenyewe alfajiri, akasimama karibu na kila mzee aliyemaliza kutolewa damu mpaka sahani iwe safi. Alijua majina ya wajukuu wao. Alisema hapendi watu, anapenda kurasa, na alisema hivyo huku akimfungia bibi fulani shali shingoni. Mimi niliamua mukimo ule ni mbinu: mtu akishiba husema mengi.

Siku moja mchana, sijui alikuwa na furaha gani, aliniita nione ukurasa mmoja. Ulikuwa na mistari myeusi iliyobanana, na katikati nafasi ndogo tupu.

"Hapa mnakili alikuwa na njaa," akasema, kidole kikiwa juu ya kioo cha kompyuta. "Ameruka mstari mzima. Na huyu hapa, wa nchi nyingine kabisa, ameruka mstari huo huo. Hiyo inakuambia nini?"

"Kwamba wote walikuwa na njaa?"

Alicheka hadi akavua miwani yote miwili. "Watu wawili wanaweza kusema ukweli mmoja bila kuonana, Sista. Wote wamechungulia dirishani, wote wameona mvua. Lakini wakikosea kosa moja, lile lile, mahali pale pale, basi mmoja amemwangalia mwenzake. Ukweli haunifundishi kitu. Mimi nafuata makosa."

Nilitoka pale nikiwaza fomu zangu. Nilijua hakuwa anazungumzia Ulaya.

Wiki hiyo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Madam alikuwa ameshuka kupokea friji ya dawa, na droo yake haikuwa imefungwa. Niliifungua. Nilitarajia sijui nini, labda ushahidi wa yale aliyosema Kamau. Nikapata daftari la kawaida la shule, lenye ukurasa kwa kila mfanyakazi. Hakukuwa na siri wala umbea. Kulikuwa na miandiko yetu. Nne ya karani imefungwa juu, inaweza kusomwa kama tisa. Mfamasia akiwa na hasira hubonyeza kalamu hadi karatasi inatoboka. Kisha nikafika kwenye ukurasa wangu. Aliandika kwamba herufi zangu zikichoka zinalala upande wa kushoto, kwamba siku za Ijumaa naandika haraka, na chini kabisa, peke yake, mstari mmoja: "Mwaminifu hadi saa nane mchana."

Nilikasirika siku tatu. Mtu anawezaje kukupima hivyo, kama maziwa? Hata hivyo katika hasira yangu nilianza kuangalia saa, na nikagundua kwamba ikishafika saa nane na nusu, kweli, kalamu yangu huanza kutafuta njia ya mkato.

Sasa niseme kuhusu Ijumaa iliyompa sababu ya kunishuku.

Kulikuwa na bibi mmoja Kimbo, tuliyemwita Cucu, aliyeishi peke yake kwenye ploti nyuma ya maduka. Nilimtembelea mara ya kwanza wakati wa mvua, tope likiwa hadi kifundoni. Cucu alikataa kuvua gambuti zake za mpira ili apimwe uzito, kwa kuwa soksi zake zilikuwa na matundu na aliona haya. Nikampima nazo, nikaandika pembeni, kama inavyotakiwa: amepimwa akiwa na gambuti. Miezi ikapita, kiangazi kikaingia. Ijumaa ya zamu yake mtoto wangu alikuwa na mkutano wa wazazi shuleni, Thika. Nilimpigia Cucu simu.

"Niko sawa, mami," akaniambia. "Usijisumbue na hii jua. Dawa nameza. Niko sawa kabisa."

Saa tisa alasiri, nimeketi kwenye kiti cha darasa la watoto, nilitoa fomu yake ya mwezi uliopita na kujaza ile mpya kutoka kwayo. Presha nilipunguza kidogo. Uzito nikaongeza nusu kilo. Miguu imevimba? Hapana. Nilinakili vizuri, hadi maneno ya pembeni, ambayo mwezi uliotangulia pia niliyaacha yajirudie kwa mazoea, na kabla ya huo vile vile.

Jumatatu Madam aliniita. Fomu nne za Cucu zilikuwa zimepangwa mezani.

"Kimbo kulinyesha Ijumaa?" akauliza.

"Kidogo, Madam."

"Mimi naishi Ruiru, Sista, hapo tu. Wiki yote tumenunua maji ya mkokoteni." Hakupandisha sauti. "Cucu huvaa gambuti hata jua likiwaka?"

"Hao wazee, Madam, unawajua."

Alizikusanya fomu zile nne. Nami nilikuwa tayari nimeanza kupanga hasira yangu, kwamba ananionea, kwamba amekuwa akinivizia tangu mwanzo. Kesho yake asubuhi alimwambia Kamau awashe gari, na mimi nipande. Njiani Kamau aliizima hata redio.

Gambuti za Cucu zilikuwa mlangoni, kushoto na kulia. Zilikuwa zimejazwa udongo. Dhania ilikuwa imeota ndani yake, kijani kabisa, urefu wa kidole.

"Haiya, leo mmekuja wengi!" Cucu aliita kutoka ndani, akiwa amekaa kitandani. "Mami, nisamehe siwezi simama nikusalimie vizuri."

"Cucu, hizi gambuti?" Madam akamuuliza.

"Aii, hizo zilikataa kuingia. Toka mwezi ule mwingine. Nikasema badala zikae bure, wacha nipande dhania."

Nilipiga magoti nikafunua blanketi. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi karibu na magoti, ngozi imevutika inang'aa. Nilibonyeza kwa kidole gumba na shimo likabaki. Hata hewa alikuwa akiivuta kwa vipande.

"Cucu, mbona hukuniambia?" nikasema.

"Ningekwambia, mami, mngenitoa kwa hiyo masomo yenu ya dawa. Nani angekuja kuniona?"

Tulimbeba mimi na Kamau hadi garini. Hospitalini daktari alimsimamishia dawa ile ile siku hiyo, na akasema ni heri hatukungoja ziara ya mwezi ujao. Baada ya wiki tatu Cucu aliweza kuvaa viatu. Aliishi miaka mingine, na dhania yake niliila zaidi ya mara moja. Lakini asubuhi ile pale korido sikujua hayo, na nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kujichukia tena.

Hata hivyo, tulipofika ofisini, nilijitetea. Nilimlilia. "Madam, nina watoto wawili. Tuifiche hii, nitarudia ziara, nitaandika upya. Hakuna atakayejua."

"Atakayesoma atajua," akasema. Akanipa fomu na kalamu. "Kata."

Nilikata kila jibu la Ijumaa ile kwa mstari mmoja. Presha, uzito, hapana, gambuti. Tarehe, sahihi, tarehe, sahihi, kurasa sita. Kisha kwenye karatasi tupu akaniamuru niandike kwa mkono wangu kwamba sikufika Kimbo. Aliketi mbele yangu muda wote huo bila kusoma kitu chochote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Nilipomaliza aliituma ripoti kwa kamati ya maadili siku hiyo hiyo, na jina langu ndani yake. Niliondolewa ziara za nyumbani. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Siku ya mwisho alinipa mukimo kwenye kopo la plastiki, nami nikalitupa nikiwa bado ngazini.

Nilipata kazi kliniki moja ya Ruiru. Siku ya kwanza metroni, mkuu wa wauguzi, aliniambia, "Madam wako wa Thika aliniandikia barua," akaifungia kwenye kabati ya faili. Sikuonyeshwa. Miaka mitano kila metroni alipokunja uso nilijua barua ile ndiyo imesema. Akinipa zamu mbaya, ni barua. Akinipa zamu nzuri, nilifikiri anataka kunikamata.

Halafu mwezi uliopita, alasiri ya baridi, mlango wa chumba changu pale kliniki ulifunguliwa, akaingia Madam. Alikuwa amepungua mwili na nywele zote nyeupe. Amestaafu, akasema, anamalizia kitabu chake juu ya wale wanakili wenye njaa. Bado alikuwa na miwani miwili.

"Sista," akasema, kana kwamba tuliachana jana. "Nimekuja kuchukua dawa ya kikohozi tu. Mimi mwenyewe niko sawa."

Nilimpima presha. Sikupenda nilichoona, nikaandika. Aliangalia mkono wangu ukiandika, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Madam, ile barua. Uliandika nini?"

"Nilichoona."

"Yaani nini?"

"Kwamba ulidanganya. Kwamba ulikata uongo wako kwa mstari mmoja, na bado unasomeka." Akakohoa kidogo. "Na kwamba wakuchukue haraka, kabla kwingine hawajakuwahi."

Sikujua nishukuru au nikasirike. Barua yenyewe sijaiona hadi leo, kwa hivyo siwezi kuapa. Niliangusha macho chini ili asione uso wangu, na ndipo nikaviona viatu vyake. Vilikuwa viatu vya kamba, na kamba zilikuwa zimelegezwa mpaka ulimi wa kiatu ukatokeza nje.

"Vua viatu, Madam."

"Nimekwambia niko sawa."

"Nimesikia. Vua."

"Unanishuku, Sista?"

"Ndiyo."

Aligeuka akatazama saa ya ukutani, nyuma yangu. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Na saa nane imepita," akasema.

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote duniani kwamba nilifungua droo ile nikasoma daftari. Madam aliinama polepole, akaanza kufungua kamba.